Kuvu Tunayoivuta Kila Siku, na Seli Zinazoizuia Kuota Mapafuni

Marikiti, soko la mboga la Nairobi, saa kumi na moja alfajiri, malori yanaposhusha kabichi na viazi kutoka Nyandarua, pamoja na mboga hushuka kitu kingine kisicho na mnunuzi. Kila jani lililooza, kila gunia lililolala na unyevu, kila lundo la taka linalongoja lori la kaunti huwa limeota ukungu, na ukungu ukitikiswa humwaga hewani mbegu zisizoonekana kwa macho, zinazoitwa spora. Humwingia puani mvuta mkokoteni, mama mboga aliyekuja kuchukua bidhaa, na abiria aliyefungua dirisha la matatu kwenye barabara ya Haile Selassie. Na usidhani wa mitaa ya kitajiri kama Karen wameponea. Bustani zao na mboji zao hutoa spora vilevile.

Kuvu inayotuhusu zaidi hapa ni Aspergillus fumigatus. Hupenda mboji, majani makavu na nafaka iliyolowa, na joto haliisumbui: huota vizuri kwenye nyuzi joto 37, ambalo ndilo joto la mwili wa binadamu, na huvumilia hata lundo la mboji lililopita nyuzi 50. Kuvu nyingi duniani hushindwa na joto la damu yetu peke yake. Hii haishindwi. Inakadiriwa kwamba kila mtu huvuta mamia ya spora zake kwa siku, awe wa Mathare au wa Muthaiga. Zikitua mapafuni zinapata joto, unyevu na chakula. Kwa nini basi haziwi shamba?

Kabla ya kuendelea, tutenganishe mambo mawili ambayo Wakenya huyachanganya. Mwaka 2004, sumukuvu katika mahindi iliwadhuru watu 317 waliothibitishwa, hasa Ukambani, na 125 wakafariki. Kuvu iliyotengeneza sumu ile ni ya ukoo huohuo, Aspergillus flavus, lakini maafa yalipitia tumboni na kuua ini. Sumu haina mbegu na haioti. Ninachozungumzia hapa ni kuvu hai inayotaka kukaa ndani ya kifua.

Mlango wa mbele hauna siri kubwa. Nywele za pua hunasa chembe nene, ute hugandisha nyingine, na vinyweleo vidogo vilivyotandaa kwenye njia ya hewa huusukuma ute huo juu hadi kooni, ukamezwa au ukatemwa. Shida ni kwamba spora ya Aspergillus ina upana wa mikromita 2 hadi 3 tu. Mia nne zikipangwa mstari mmoja hufikia takriban milimita moja. Kitu kidogo kiasi hicho hupita vizuizi vyote na kufika chini kabisa, kwenye vifuko vya hewa ambavyo ni mamia ya milioni na ambako oksijeni huingia kwenye damu.

Ndani ya vifuko hivyo huishi seli kubwa iitwayo makrofaji. Waandishi wa habari za afya hupenda kuzieleza seli za kinga kwa lugha ya vita, majeshi na mizinga. Mimi naona ploti ya kupangisha inaeleza vizuri zaidi. Makrofaji ni keateka: anaishi hapohapo, anazoa taka, anajua nani mpangaji na nani mgeni, na sifa yake kubwa ni kumaliza mambo bila kuwaamsha majirani. Nyutrofili, seli za kinga za kwenye damu ambazo tutazifikia, ni polisi walioitwa usiku: kazi wataimaliza, lakini asubuhi mlango umevunjika.

Ukimya huo wa makrofaji una sababu. Ukuta unaotenganisha hewa na damu katika kifuko cha pafu ni mwembamba kuliko mikromita moja. Uvimbe ukizuka hapo, maji hujaa na mtu hukosa pumzi. Kwa hiyo pafu haliwezi kupiga kelele kwa kila spora inayotua. Makrofaji humeza spora, huifungia ndani ya kifuko chake, humwagia asidi na vimeng'enya, na mara nyingi habari huishia hapo. Utafiti kwa panya umeonyesha kwamba mababu wa seli hizi hutua mapafuni karibu na wakati wa kuzaliwa, kisha hujizalisha papo hapo bila kungoja nyongeza kutoka kwenye uboho ulio ndani ya mifupa. Ni wenyeji kweli. Wanaopikia kuni au makaa ndani ya nyumba isiyo na dirisha huwabebesha wenyeji hao mzigo wa ziada: watafiti walioziangalia makrofaji za watu wa Malawi walizikuta zimejaa chembe nyeusi za moshi.

Inafaa kukumbuka kwamba ugonjwa wa kwanza ambamo binadamu alishuhudia seli zikimla mvamizi ulikuwa wa kuvu. Ilya Mechnikov, mwanabiolojia aliyezaliwa karibu na Kharkiv, alichapisha mwaka 1884 alichokiona kwenye kiroboto wa maji, mnyama mdogo mwenye mwili wa kupenya mwanga. Kiroboto alimeza mbegu za kuvu zilizochongoka kama sindano, zikatoboa utumbo wake, na papo hapo seli za damu yake zikazizunguka na kuzimeng'enya. Seli ziliposhinda, kiroboto alipona. Ziliposhindwa, kuvu ilijaa mwilini akafa. Mwaka 1908 Mechnikov alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Darubini yake haikuweza kumwonyesha jambo moja tu, nalo ndilo lililowashughulisha wanasayansi karne iliyofuata: seli inajuaje kwamba hiki ni kuvu?

Jinsi seli inavyoitambua kuvu

Spora iliyolala hewani imevaa. Juu kabisa ina utando wa protini usioshika maji, ndiyo maana huelea kwa urahisi. Chini ya utando huo kuna melanini, rangi ya ukoo mmoja na ile inayotia ngozi weusi. Ukuta wenyewe wa kuvu, wenye sukari ngumu ya beta-glukani na kitini, umefichwa chini ya hayo mavazi mawili. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba ukiuondoa utando wa nje, spora ambayo seli za kinga zilikuwa zikiipuuza huanza kuziamsha mara moja. Yaani hewa imejaa mbegu ambazo mwili hauzioni, na si kwa uzembe.

Spora inapotua mahali penye unyevu na chakula, ndani ya saa chache hufura kwa maji. Vazi hupasuka, na beta-glukani hujitokeza. Hapo ndipo makrofaji huigundua, kwa kutumia kipokezi kilicho juu ya ngozi yake kiitwacho Dektini-1. Waliokitambulisha kuwa kipokezi cha beta-glukani, mwaka 2001, ni Gordon Brown, msomi wa Cape Town aliyekuwa Oxford wakati huo (si yule aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza), pamoja na Siamon Gordon. Mwili wa binadamu hautengenezi beta-glukani hata kidogo. Kwa hiyo seli ikiigusa haina haja ya kuuliza swali la pili.

Mpangilio huu naupenda kuliko kitu kingine chochote katika somo hili. Pafu halijibu uwepo wa kuvu. Linajibu kuvu iliyoanza kuota. Spora iliyokufa au iliyolala huzolewa kimyakimya. Ile iliyofura, ambayo ikiachwa itatoa uzi, hupigiwa kengele. Mwili umeamua kutumia hasira yake pale tu inapohitajika.

Kuvu nayo ina ujanja. Melanini ya spora huvuruga kazi ndani ya kifuko kile cha makrofaji: hushikilia kalisiamu ambayo seli huitegemea kuanzisha hatua ya usagaji, na spora hubaki hai tumboni mwa aliyeimeza. Mwili umejibu kwa kuwa na kipokezi kingine kinachoitambua hiyohiyo melanini, kilichoelezwa mwaka 2018. Mashindano haya ni ya zamani kuliko sisi.

Makrofaji ikishagusa beta-glukani hutoa kemikali za wito. Huja monositi, seli changa kutoka kwenye damu, ambazo baadhi hugeuka kuwa wasaidizi wa makrofaji. Huja pia wale polisi wenye marungu.

Nyutrofili

Uboho wa mtu mzima hutengeneza takriban nyutrofili bilioni 100 kila siku, na nyingi hufa zikiwa na umri wa siku moja au chache bila kukutana na adui yeyote. Ni ubadhirifu unaoshangaza, mpaka uone kinachotokea zinapokosekana. Mgonjwa wa saratani ya damu anapopewa kemo, dawa huua seli zinazogawanyika haraka, na uboho husimama. Nyutrofili zikishuka chini ya 500 kwa mikrolita ya damu na kukaa hapo zaidi ya siku kumi, Aspergillus huwa miongoni mwa hofu kuu za daktari. Spora alizovuta wodini, zilezile anazovuta muuguzi anayemhudumia, sasa huota nyuzi, na nyuzi hutoboa mishipa ya damu ya pafu.

Nyutrofili zinaua kwa njia kadhaa. Ikiwa ni spora ndogo, huimeza. Kisha huwasha mashine moja ya vimeng'enya inayochukua oksijeni ya kawaida na kuigeuza kuwa kemikali kali za oksijeni. Zamani ilidhaniwa kemikali hizo huiunguza kuvu moja kwa moja, basi. Mwaka 2017 ilionekana, katika panya, kwamba kazi yake ni ya hila zaidi: huisukuma spora ijiue yenyewe, kwa kuwasha ndani yake mpango wa kifo ambao spora yenyewe imezaliwa nao. Aspergillus ina protini ya kuuzuia mpango huo, na aina iliyotengenezwa kuwa na protini hiyo kwa wingi ilileta ugonjwa mbaya zaidi.

Tunajua mashine hiyo ina umuhimu gani kwa sababu wapo watoto wanaozaliwa nayo ikiwa mbovu. Nyutrofili wanazo, tena za kutosha, zinakimbilia mahali pa tatizo na kumeza, lakini haziwezi kuua. Aspergillus ni miongoni mwa wauaji wakuu wa watoto hawa. Ukihesabu seli zao kwenye maabara ya kawaida, utaambiwa kila kitu kiko sawa.

Ikiwa kuvu imeshatoa uzi mrefu, hakuna seli inayoweza kuumeza. Hapo nyutrofili hufanya kitu ambacho watafiti wa Berlin walikieleza mwaka 2004 na ambacho wengi hawakukiamini mwanzoni: hupasuka na kutupa nje DNA yake yenyewe, ikiwa imepakwa protini zenye sumu, ikawa wavu unaonasa uzi. Miaka kumi baadaye ikaonekana kwamba nyutrofili hupima ukubwa wa adui kabla ya kuamua. Akimezeka, wavu hautupwi, asipomezeka, unatupwa. Na Dektini-1 ile ile inahusika katika uamuzi huo. Kwenye wavu kuna protini inayonyakua zinki na manganisi, na nyutrofili hutoa nyingine inayonyakua chuma, kuvu ikose madini ya kukulia.

Hapa mwongo mmoja uliopita umeongeza jambo ambalo vitabu vya zamani havina. Nyutrofili haziji na uwezo wao wote tayari. Huongezewa makali na seli nyingine zikishafika. Mwaka 2017 watafiti waliofanya kazi na panya walionyesha kwamba monositi zinapokutana na Aspergillus huanzisha mfululizo wa intaferoni, kemikali ambazo kila mwanafunzi wa udaktari hufundishwa kuwa ni za virusi, na kwamba bila aina mojawapo ya intaferoni hizo nyutrofili hufika lakini hazizalishi kemikali za oksijeni za kutosha. Seli nyingine adimu za kinga, za ukoo uitwao dendriti, nazo maarufu kwa virusi, zimeonekana kufanya kazi ya jinsi hiyo hiyo. Kwa ufupi, kuhesabu seli hakutoshi. Inabidi ujue zinaongea nini.

Kuvu zinazoshindwa na seli nyingine

Sasa twende kwenye kuvu mbili ambazo Nairobi inazifahamu zaidi, hata kama si kwa majina, kwa sababu zilikuja na Ukimwi.

Tarehe 5 Juni 1981 taarifa ya kwanza ya kile kilichokuja kuitwa Ukimwi ilichapishwa Marekani. Ilihusu vijana watano wa Los Angeles wenye nimonia ya Pneumocystis. Wakati huo kijidudu hicho kilihesabiwa pamoja na vimelea vya ukoo wa malaria. Ni mwaka 1988 tu vipimo vya jeni vilipoonyesha kuwa ni kuvu. Hukaa ndani ya vifuko vya hewa na kujibandika ukutani. Vijana wale hawakuwa na upungufu wa nyutrofili. Walichopoteza ni seli T za CD4, seli nyeupe za damu zinazoelekeza seli nyingine za kinga.

Kazi ya CD4 ni ya polepole na ya mbali. Seli za dendriti huchukua vipande vya kuvu kutoka pafuni, huvipeleka kwenye tezi za limfu, na huko huvionyesha kwa seli T hadi ipatikane inayovitambua. Hiyo huzaana kwa siku kadhaa, kisha hurudi pafuni na kutoa intaferoni ya gama, inayoiambia makrofaji: ulichokimeza, sasa kimalize. Makrofaji isiyopata amri hiyo humeza Pneumocystis kwa ulegevu. CD4 zikishuka chini ya 200 kwa mikrolita ya damu, hatari huwa kubwa, na ndiyo sababu ya ile Septrini, dawa ya kukinga nimonia hiyo, ambayo watu wengi wanaoishi na virusi hapa nchini wameimeza kwa miaka mingi.

Ya pili ni Cryptococcus neoformans, inayopatikana kwenye kinyesi cha njiwa na kwenye miti. Hii imejivika koti nene la sukari linaloteleza, hata ukuta wake hauonekani. Ikiwa ndani ya pafu, baadhi ya seli zake hufura hadi kufikia mikromita mia moja, kubwa mno kumezwa. Zile zinazomezwa huweza kuishi ndani ya makrofaji, kuzaana humo, na mwaka 2006 zilionekana zikitoka nje na kuiacha makrofaji ikiwa hai, kama vile imetapika. Kwa mtu mwenye CD4 za kutosha, makrofaji na seli T huizungushia kuta na kuifungia, pengine kwa miaka. Ushahidi mzuri ulitoka Ufaransa mwaka 1999: wagonjwa waliozaliwa Afrika na waliokuwa wamehamia huko miaka mingi nyuma walikutwa na Cryptococcus zenye nasaba ya Afrika. Walisafiri nazo kifuani bila kujua. CD4 zikiporomoka, hasa chini ya 100, kuta hubomoka, kuvu huingia kwenye damu na kupanda ubongoni, ikaleta homa ya uti wa mgongo.

Hapa ndipo ninapogombana na namna tunavyozungumza. Jijini, kila maradhi yasiyoelezeka hupewa sababu moja, kinga imeshuka, na dawa moja, kuiongeza. Kwenye matatu za mchana utauziwa chupa ya mitishamba ya kuongeza kinga. Kwenye duka la dawa utauziwa vidonge vya zinki na vitamini C kwa madai yaleyale. Mazungumzo hayo yanachukulia kinga kuwa kipimo kimoja kinachopanda na kushuka kama mafuta kwenye tangi. Lakini mwenye Ukimwi uliokithiri huugua Pneumocystis na Cryptococcus, na kwa kulinganisha ni mara chache Aspergillus hutoboa mapafu yake, maana nyutrofili zake bado zipo. Mgonjwa wa kemo aliyekaukiwa nyutrofili huwa na sura nyingine kabisa ya hatari. Ukimwambia wa kwanza na wa pili kwamba kinga yao imeshuka, hujawaambia kitu kinachoweza kumsaidia daktari. Swali lenye maana ni seli gani imekosekana.

Tena kuongeza si kheri kila mara. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Uganda na Afrika Kusini lililohusu wagonjwa 177 wenye homa ya uti wa mgongo ya Cryptococcus ambao hawakuwa wameanza ARV. Walioanzishiwa ARV katika wiki moja au mbili za mwanzo, asilimia 45 walikuwa wamefariki kufikia wiki ya 26. Walioahirishiwa kwa takriban wiki tano, asilimia 30. Walioharakishwa walipoteza maisha zaidi, na maelezo yanayoaminiwa zaidi ni kwamba seli T zilizorudi ghafla ziliikuta kuvu imejaa ubongoni zikaishambulia ndani ya fuvu lisilo na nafasi ya kuvimba. (Hili linahusu ugonjwa huo mahususi. Mtu mwingine yeyote aliyepimwa na kukutwa na virusi asilichukue kuwa sababu ya kuchelewesha ARV.)

Dawa za steroidi, kama prednisoloni, zinaonyesha jambo hilohilo kwa pande zote mbili. Kwa nimonia kali ya Pneumocystis, daktari huongeza prednisoloni juu ya Septrini makusudi, ili kupunguza uvimbe unaomnyima mgonjwa hewa, na huokoa maisha. Kwa kuvu nyingine, prednisoloni hiyohiyo ikitumiwa kwa dozi kubwa na kwa muda mrefu huilegeza makrofaji isiue spora ilizomeza. Ndiyo maana naona uuzaji wa prednisoloni bila karatasi ya daktari, kwa anayeumwa viungo au anayetaka kunenepa, ni biashara mbaya. Anayeitumia kwa maagizo naye asiikatize ghafla. Kuiacha kwa mshtuko kuna hatari zake.

Tundu lisilofikika

Kuna kundi moja zaidi, na kwa Nairobi pengine ndilo kubwa kuliko linavyohesabiwa. Hawa seli zao ni nzima. Walipona kifua kikuu.

Bakteria wa TB huweza kula sehemu ya pafu na kuacha tundu. Dawa za miezi sita huua bakteria, lakini tundu hubaki, na ukuta wake wa kovu hauna mishipa ya damu ya kutosha. Spora inayotua humo haina keateka. Nyutrofili husafiri kwa damu, na damu haifiki. Kuvu huota taratibu, miezi kwa miaka, na wakati mwingine hujiviringa ikawa bonge ambalo kwenye picha ya eksirei huonekana likiwa na mwezi mwembamba wa hewa juu yake. Mgonjwa hukohoa, hukonda, hutokwa jasho usiku, hutema damu. Dalili zote ni za TB. Makohozi hupimwa, TB haionekani, na wengine huanzishiwa dawa za TB upya hata hivyo.

Watafiti waliofuatilia watu waliotibiwa TB huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, waliukuta ugonjwa huu kwa asilimia 26 ya waliobaki na matundu yanayoonekana kwenye eksirei, na kwa asilimia 0.8 tu ya wasio na matundu. Haukuonekana kuwa mwingi zaidi kwa wenye virusi vya Ukimwi. Ukiangalia takwimu zao, ulielekea kuwa pungufu. Mtu aliyeshikilia nadharia ya tangi la mafuta hawezi kulieleza hilo. Aliyeelewa kwamba tatizo ni tundu, ataliona la kawaida. Kipimo cha kingamwili dhidi ya Aspergillus kwenye damu kinasaidia sana kuutambua, na dawa kama itrakonazo, kwa miezi sita au zaidi, huupunguza makali.

Dawa zenyewe ni chache, kwa sababu ya nasaba. Kuvu iko karibu na wanyama kuliko ilivyo karibu na bakteria, hivyo sumu inayoiua mara nyingi hutuumiza nasi. Nyingi kati ya tulizonazo hulenga ergosteroli, mafuta ya utando wa seli ambayo kuvu inayo na sisi hatuna. (Pneumocystis haina, ndiyo maana dawa za kawaida za kuvu haziigusi.) Na hata hizo chache zinapotea: aina za Aspergillus zilizozoea dawa za kunyunyizia mazao, ambazo ni ndugu wa dawa za hospitali, zilionekana kwanza Uholanzi na sasa zimeenea mabara mengi. Mwezi Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya kuvu hatari, 19 kwa jumla, na Aspergillus fumigatus na Cryptococcus neoformans zikawekwa kundi la juu kabisa. Chanjo ya binadamu dhidi ya kuvu yoyote haijaidhinishwa bado.

Baadhi ya watafiti wameamua kuzitengeneza seli zenyewe. Mwaka 2014 kikundi kimoja Marekani kilichukua seli T, ambazo kwa kawaida hazina Dektini-1, kikazipandikiza sehemu ya kipokezi hicho inayoshika beta-glukani. Seli hizo zilimtambua Aspergillus na kumzuia katika panya. Ni kazi ya gharama kubwa, na sitarajii kuiona wodini hapa karibuni.

Kilichopo hapa leo ni cha bei nafuu zaidi. Koti la sukari la Cryptococcus humwaga vipande kwenye damu, na kijiti cha kupimia kama kile cha malaria huvigundua kwa dakika kumi hivi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo hicho kwa watu wazima wenye virusi ambao CD4 zao ziko chini ya 100, na linasema kwa walio chini ya 200 kifikiriwe pia. Vipande hivyo huanza kuonekana wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma, na anayekutwa navyo mapema, baada ya daktari kuhakikisha kuvu haijafika ubongoni, huanzishiwa vidonge vya flukonazo, dawa ya kuvu.